Paka wa manyoya marefu huku Mtwara: maswali mnayoniuliza kila siku

Nina paka wa Kiajemi, jike, mweupe, macho rangi ya shaba, anaitwa Sufi mana siku anafika alikuwa kama tunda la msufi lililopasuka. Mwaka wa tisa huu tunaishi nae hapa Shangani. Kila anayepita dirishani anasimama kumwangalia, afu maswali ni yale yale, na mengine yananifikia kwenye simu usiku kutoka Lindi, Masasi, Newala, mtu kanunua paka Dar kaja nae na hajui aanzie wapi. Nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Mi sio daktari wa mifugo, ni mfugaji tu, ila hiki ninachoandika nimekiishi na madaktari wamenielekeza kwa miaka.

Joto la huku ataliweza kweli?

Analiweza, ila sio kwa nguvu zake, kwa nguvu zako. Paka hatoi jasho mwilini kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye vidole vya miguu, kinachompoza ni kujilamba na kupumua, na huyu wa Kiajemi pua yake imebonyea ndani kwahiyo hata kupumua kwenyewe ni kwa shida. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili kabla mvua hazijashika, pale joto linapofika nyuzi 31, 32 na hewa imejaa unyevu wa bahari hata nguo hazikauki vizuri, hapo ndo pabaya.

Ninachofanya mimi: chumba kimoja cha sakafu wazi, hamna kapeti, madirisha mawili yanayopishana upepo, feni ya chini. Maji naweka sehemu tatu, na moja ni chungu cha udongo mana maji yake yanabaki ya baridi bila friji na yeye analipenda hilo kuliko bakuli la plastiki. Chupa ya maji naigandisha, naizungushia kanga kuukuu, naiweka pale anapolala, atajisogeza mwenyewe.

Mwaka wa pili umeme ulikatika mchana toka saa tano, mi nilikuwa kazini, nimerudi saa tisa nikamkuta kajinyoosha bafuni kwenye sakafu, mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zinakwenda mbio mpaka unaziona chini ya manyoya yote yale. Paka kuhema mdomo wazi sio jambo la kawaida, mbwa ndo anahema hivyo. Nilimlowesha miguu, masikio na tumbo kwa maji ya kawaida ya bombani, sio ya barafu, mana barafu inabana mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani, nikampepea kwa gazeti huku namtafuta daktari kwenye simu. Joto la paka la kawaida ni nyuzi 38 mpaka 39, alivyofika kwa daktari alikuwa 40 na kitu. Alipona. Tangu siku ile nikiwa natoka mchana wa joto nampa ufunguo jirani yangu, na namwambia kabisa, dada, umeme ukikatika nenda kamwangalie.

Nimchane mara ngapi?

Kila siku. Najua mtu anategemea nitasema mara mbili kwa wiki lakini kila siku, dakika kumi, kumi na tano, na ukiruka siku tatu ya nne utakaa saa nzima na nyote mtakuwa mmenuna. Paka wetu wa kawaida wa mtaani anajilamba anamaliza. Huyu manyoya yake ni tabaka mbili, ya juu marefu na ya chini laini kama pamba, ulimi wake haufiki chini. Wanadamu ndo waliomchagua hivyo kizazi baada ya kizazi, wakataka manyoya marefu zaidi na uso bapa zaidi, kwahiyo kazi ambayo paka mwingine anaifanya mwenyewe kwa huyu imehamia kwenye mkono wako. Ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

Namchanaje?

Chanuo la chuma, sio brashi. Brashi inalainisha juu, paka anapendeza, unapiga picha, kumbe chini kwenye ngozi manyoya yanasokotana taratibu. Tafuta chanuo lenye meno ya chuma yaliyoachana, na la pili lenye meno ya karibu karibu. Mimi langu la kwanza lilikuwa la saluni ya kawaida, la nywele za watu, lilifanya kazi vizuri tu.

Gawa njia. Kama umewahi kusuka au kusukwa unajua, unafungua njia mpaka unaona ngozi, unachana ule mstari kuanzia chini kwenye ngozi kwenda nje, unahamia mstari unaofuata. Anza mgongoni anapopenda, afu nenda sehemu ambazo watu wanazisahau: kwapani, tumboni, nyuma ya masikio, chini ya kidevu, na yale manyoya ya mapajani kwa nyuma yanayokaa kama suruali. Ukimaliza zamisha vidole mpaka kwenye ngozi upitishe mwili mzima. Vidole vinaona kuliko macho.

Ukimpata mdogo anza siku ileile hata kama hana cha kuchanwa, dakika mbili tu, afu mpe kipande cha samaki. Sufi sa hivi akisikia chanuo linagonga meza anakuja mwenyewe.

Manyoya yameshikana yamekuwa kama kamba, nikate na mkasi?

Hapa naomba unisikilize vizuri mana hili limenikuta. Masika yangu ya kwanza nae, unyevu mwingi, mi nachana juu juu tu, siku moja nimembeba nikagusa kitu kigumu kwapani kama kipande cha sandali. Nikachukua mkasi wa kushonea, nikavuta lile fundo, nikakata. Paka alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, nikaona damu. Ngozi ya paka ni nyembamba sana na ukivuta fundo ngozi nayo inapanda juu pamoja nalo, unadhani unakata manyoya kumbe unakata mwili. Alishonwa nyuzi tatu, na miezi miwili mkono wangu haukuruhusiwa kugusa lile kwapa.

Kwahiyo mkasi usiutumie kwenye ngozi. Fundo dogo linyunyizie unga wa kornstachi, ule mweupe wa kupikia, lifikiche kwa vidole, shika manyoya kwenye shina karibu na ngozi ili usimvute, afu fungua kidogo kidogo kuanzia ncha kwa jino la mwisho la chanuo. Usimwage maji, fundo likilowa likakauka ndo linakaza kabisa. Likishindikana tumia mashine ya kunyolea, ya betri isiyo na kelele nyingi, ila nayo iwe inapoa poa mana chuma kikipata moto kinaunguza. Na kama yameshikana mwili mzima peleka kwa daktari, watampa dawa ya usingizi wamnyoe, sio aibu. Fundo kubwa linavuta ngozi kila anapopiga hatua na chini yake panaoza hasa huku kwetu kwenye unyevu.

Basi si nimnyoe tu kipara wakati wa joto?

Kipara hapana. Manyoya yanamkinga na jua na mbu, na paka mweupe akichomwa na jua anaweza kupata kansa ya masikio na pua. Mimi nampunguza tumboni tu, ili akilala kwenye sakafu tumbo liguse ubaridi, na pale nyuma chini ya mkia ili choo kisinate. Hiyo inatosha.

Anaogeshwa?

Ndiyo, kila baada ya wiki tatu au nne, mana manyoya yake yana mafuta na mafuta ndo gundi ya mafundo. Mchane kwanza kabisa, ukimwogesha na mafundo umeharibu. Maji ya vuguvugu, shampuu ya paka, isipite usoni, uso unafutwa na kitambaa. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Maji ya baadhi ya visima vya huku yana chumvi, manyoya yanabaki magumu, mimi wakati wa masika nakinga maji ya mvua kwenye ndoo naweka ya Sufi.

Kazi kubwa ni kumkausha. Kanga kuukuu zinanyonya maji kuliko taulo jipya, natumia tatu, afu draya kwa moto mdogo huku nachana, mpaka kwenye ngozi pawe pakavu kabisa. Mwogeshe saa nne asubuhi sio jioni. Ukimwacha na unyevu ndani fangasi wanakaribia.

Macho yanatoa machozi yanaacha alama za kahawia, anaumwa?

Uso ukiwa bapa mifereji ya machozi inapinda, machozi yanamwagikia nje, kwahiyo kidogo ni kawaida yake ya maisha. Pamba safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake, asubuhi na jioni. Machozi yakiwa ya njano au ya kijani, au anafumba jicho moja, au analisugua, siku hiyohiyo daktari, jicho lake limetokeza nje linakwaruzika kirahisi. Na usichukue dawa ya macho ya mtu ndani ya nyumba ukamwekea, zingine zina steroidi na jicho lenye kidonda likiwekewa hiyo linaweza kupotea.

Anakoroma usiku.

Wengi wanakoroma. Kinachotisha ni kupumua kwa sauti akiwa macho na ametulia, au kucheza dakika moja akalala chini. Unene unazidisha hilo, usimnenepeshe.

Samaki si wamejaa feri, nimpe samaki tu?

Swali tamu hili kwa watu wa pwani, na kila mtu ana jibu lake. Samaki mzuri, ila samaki peke yake kila siku hapana. Paka ni mla nyama wa kweli, anahitaji taurini, kirutubisho ambacho mwili wake hautengenezi cha kutosha, akiikosa muda mrefu anapofuka na moyo unadhoofika. Ipo kwenye nyama, hasa moyo, na kwenye samaki na pweza, kwenye ugali na wali haipo. Kwahiyo mtu anayemlisha paka ugali na mchuzi wa dagaa anamnyima kitu bila kujua. Ukichemsha nyama taurini nyingi inahamia kwenye supu, usiimwage supu, mmiminie.

Samaki mbichi: baadhi yao, hasa jamii ya dagaa, wana kitu kinachovunja vitamini B1, wapike. Vibua na samaki wengine wa mafuta kila siku navyo vina madhara yake. Dagaa wakavu wa chumvi loweka, mwaga maji, loweka tena, ila isiwe chakula, iwe zawadi. Miba itoe yote, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa inapasuka kama vijiti. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake, vinaharibu damu, kwahiyo mchuzi wa mezani usimwekee hata kama analia. Maini mara moja kwa wiki kipande tu, yakizidi vitamini A inamjaa inaharibu mifupa. Maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha, na paka wa manyoya marefu akiharisha we mwenyewe unajua utakachokifua.

Mimi nachanganya, chakula kikavu cha paka cha dukani asubuhi mana kimeshapimwa kina kila kitu, jioni moyo wa ng'ombe au kuku wa kuchemsha na supu yake, samaki mara mbili kwa wiki. Huku kwetu chakula cha paka hakipatikani kila duka, naagiza Dar gunia dogo, nafunga kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, bila hivyo unyevu na sisimizi wanakimaliza kabla yake.

Anatapika kitu kama kamba ya manyoya.

Ni manyoya aliyoyalamba. Mara moja moja sio tatizo, kila wiki ujue humchani vya kutosha. Akijaribu kutapika bila kutoka kitu, hataki kula, na choo hakuna, manyoya yanaweza kuwa yameziba utumbo, hilo sio la kusubiri kesho.

Choo chake natumia mchanga gani?

Nimejaribu yote. Mchanga wa ufukweni una chumvi, haukauki, unagandia kwenye manyoya ya miguu. Maranda ya fundi seremala ndo mabaya kuliko yote, yananasa kwenye yale manyoya ya suruali na anayatembeza mpaka kitandani. Pumba za mpunga zinachoma. Niliokaa nao ni mchanga wa kujengea, ule wa chenga kubwa, nauchekecha vumbi litoke, nauosha, nauanika juani mpaka ukauke kabisa, kina cha vidole vitatu kwenye beseni pana. Choo toa mara mbili kwa siku, mchanga wote badilisha kila wiki. Huyu akikuta pachafu hatumii, ataenda kwenye kona ya kabati na hana kosa.

Kama una dume, jambo moja likae kichwani: akiingia kwenye beseni mara kwa mara, anachuchumaa, analia, na mkojo hautoki, njia imeziba. Hiyo ni dharura, siku moja au mbili anakufa. Watu wanadhani amefunga choo wanampa mafuta ya kula, wanapoteza saa ambazo zingemwokoa.

Naweza kumwacha azurure nje kama paka wengine?

Mi simwachi. Mbwa, bodaboda, wezi, sawa hayo yapo kila mahali. Lakini huku kuna na vyetu. Kuna kishonanguo kwenye viwanja vyote wazi, akipita mara moja unachomoa mbegu jioni nzima. Na kuna salfa. Kuanzia mwezi wa tano, wa sita watu wanapulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kama unaishi karibu na mashamba ule unga wa njano unatua kila mahali, na manyoya marefu yanaukusanya kama ufagio, afu akijilamba unaingia tumboni, na macho yake yale yaliyotokeza yanawaka. Ndugu yangu mmoja wa Mikindani paka wake alikaa wiki macho mekundu mpaka tukagundua ni hiyo. Msimu huo funga dirisha la upande wa shamba na mpanguse na kitambaa chenye maji kila jioni kabla hujamchana.

Nje nampeleka asubuhi na mapema barazani akiwa na mkanda wa kifuani, nusu saa, anaangalia kunguru anaridhika.

Ana viroboto, kuna dawa ya unga jirani kanipa.

Usipake kitu chochote kabla hujasoma kibandiko. Dawa nyingi za mbwa na za kuogeshea ng'ombe zina permethrini au saipermethrini, sumu za kuua wadudu, ini la paka haliwezi kuzivunja, anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Kwa paka wa manyoya marefu inakuwa mbaya zaidi mana unga unakaa humo ndani na yeye anajilamba. Tafuta dawa iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya paka, ile ya kudondoshea shingoni, kwa uzito wake.

Na panadol! Kila mwaka kuna mtu ananiambia paka ana homa kampa robo ya panadol. Robo hiyo inatosha kumuua. Usimpe kabisa.

Chanjo zipi, na huku tunazipata wapi?

Mbili kubwa. Moja ni ile ya pamoja ya mafua ya paka na ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika unaoua watoto wa paka haraka, anaanza na wiki nane hivi, anarudia kila wiki tatu mpaka nne hadi afike wiki kumi na sita. Nyingine ni ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu, na usiseme paka wangu ni wa ndani. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara miaka ya 2010 ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kuthibitisha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa kwa kuchanja, mana ugonjwa ulikuwa unaua watu huku. Ya kichaa nenda ofisi ya mifugo ya manispaa au halmashauri yako ukaulize. Ya mafua mara nyingi inabidi daktari aiagize, kwahiyo ongea nae mapema, na uliza imesafirije, chanjo iliyopata joto njiani haina kazi.

Kufunga kizazi?

Ndiyo, kuanzia miezi minne mpaka sita, jike na dume. Ila huyu wa pua bapa mwambie daktari kabla kwamba ni wa Kiajemi mana kumlaza usingizi kunataka uangalizi zaidi wa pumzi yake. Asipandishwe kwa sababu tu watu wanataka watoto wazuri. Mimba yao ni siku 63 mpaka 65, na vichwa vya watoto wao ni vikubwa kwahiyo kuzaa kwa shida kupo.

Nimeambiwa ana makaratasi ya ukoo, yana maana gani?

Ni cheti kinachoonyesha wazazi, mababu na mababu wa mababu, kutoka chama kinachosajili paka, kama CFA ya Marekani iliyoanza 1906 au GCCF ya Uingereza iliyoanza 1910. Mambo haya yalishika kasi London mwaka 1871, maonyesho makubwa ya paka pale Crystal Palace, na wa Kiajemi walikuwepo. Paka wengi wanaouzwa kwetu kama wa Kiajemi hawana cheti chochote, ni mchanganyiko, na mi sioni ubaya, paka ni paka. Ubaya ni kulipia cheti ambacho hakipo.

Cha kuuliza muuzaji kuliko cheti ni ugonjwa wa figo wa kurithi, ule wa vifuko vya maji kwenye figo. Kabla kipimo cha vinasaba hakijaanza kutumika, paka wa Kiajemi zaidi ya theluthi moja waliopimwa walikuwa nao. Jeni lake, yaani kinasaba kinachouleta, lilijulikana 2004. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kurithi. Dalili mara nyingi zinakuja ukubwani, miaka saba hivi, anakunywa maji sana, anakonda. Kama kipimo cha vinasaba hukipati, daktari mwenye altrasaundi anaweza kuziangalia figo. Na mtoto asichukuliwe kwa mama yake chini ya wiki kumi na mbili, hata muuzaji akuambie anakula mwenyewe.

Namleta vipi kutoka Dar?

Ni kilomita zaidi ya 550 kwa basi, unapita Kibiti, Somanga, Nangurukuru mpaka Lindi ndo uje kwetu, siku nzima. Kikapu cha matundu pande zote, sio boksi la katoni lililotobolewa mawili matatu. Kaa nae miguuni, asiwekwe kwenye buti la basi hata kama kondakta anasema hamna shida, humo ndani ni tanuri. Usimlishe asubuhi hiyo, maji mpe kidogo kila mkisimama. Masika makubwa uliza hali ya barabara kwanza, mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya na mafuriko yake vilikata barabara kule Somanga watu wakalala njiani, na paka wa hivi kulala kwenye basi lililosimama juani hawezi.

Nina mtoto mdogo na mke wangu mjamzito, kuna hatari?

Paka wa Kiajemi wanapata sana fangasi wa ngozi, ule unaotoa duara kwa mtu kama mapunye. Ukiona amenyonyoka sehemu ya duara yenye magamba, mpeleke na usimlaze na mtoto mpaka apone. Kuhusu mimba, wasiwasi ni toksoplazma, kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka. Vijidudu vinahitaji siku moja mpaka tano vikiwa nje ndo viambukize, kwahiyo choo kikitolewa kila siku, na kikatolewa na wewe baba sio na mama, hatari inashuka sana. Paka wa ndani anayekula vilivyopikwa hatari yake ni ndogo zaidi. Hakuna sababu ya kumfukuza.

Manyoya yake yamejaa kwenye kanzu, swala yangu inakuwaje?

Hili naulizwa sana na nalipenda mana anayeuliza anataka kufuga na anamwogopa Mungu. Paka mwenyewe si najisi, ipo hadithi ya Abu Qatada kwamba yeye ni katika wanaozunguka ndani mwetu, na maji aliyoyanywa unatawadha. Manyoya yaliyokwisha dondoka, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wanayahesabu najisi ila machache yanasamehewa, na anayeishi na paka kwake jambo ni jepesi zaidi. Mi kanzu za swala nazitundika chumba ambacho Sufi haingii, na kabla ya kutoka napitisha mkono uliolowa maji, manyoya yanajikusanya yote.

Nikisafiri wiki mbili?

Mwachie mtu atakayemchana, sio wa kumlisha tu. Mfundishe kabla, akae achane mbele yako mara tatu.

Wanaishi miaka mingapi?

Akitunzwa, kumi na miwili mpaka kumi na saba. Sufi anaingia utu uzima sasa, tangu mwaka jana viuno vimeanza kukaza, hafikii tena mgongo wake kujilamba, na pale karibu na mkia pamekuwa na mafuta na manyoya yanashikana haraka. Kwahiyo sa hivi namchana mara mbili, asubuhi baada ya sala ya alfajiri na usiku kabla ya kulala, kwa lile chanuo lenye meno yaliyoachana, polepole, amelala kwenye mapaja yangu. Lile kwapa la kushoto lenye kovu nalifanya mwisho, na ananyanyua mkono mwenyewe.